Mtu mzima mwenye usonji ataishi wapi mama yake akifa?

Kwa: Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu, anayesimamia masuala ya watu wenye ulemavu, na wakurugenzi wa halmashauri zote nchini

YAH: MAKAZI NA MATUNZO YA WATU WAZIMA WENYE ULEMAVU WA AKILI NA USONJI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nchi yetu ina utaratibu mmoja tu wa kumtunza mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, nao ni mama yake. Hauna jengo, hauna bajeti, hauna likizo wala waraka, lakini ndio unaofanya kazi kila siku kuanzia Kagera hadi Mtwara. Mama akiugua, utaratibu unayumba. Mama akifa, umekufa.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Makorora. Kwa sasa ninaishi kaskazini mwa England, ninafanya kazi kwenye nyumba wanamoishi watu wazima wanne wenye ulemavu wa akili na usonji, ule unaoitwa autism kwa Kiingereza. Nyumbani wananitania kwamba nimesoma kote kule nije kuosha Wazungu, na kweli kuosha kumo, hasa asubuhi. Nina kaka pia, mtoto wa kwanza wa mama yetu, mtu mzima mwenye ndevu na mvi mbili tatu. Ana usonji na maneno yake ni machache. Yuko kwa mama. Ninalipwa kuwatunza watoto wa wenzangu kwa utaratibu ulioandikwa na kukaguliwa, na wa kwetu hana utaratibu wowote. Hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Kila tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, tunaona picha: fulana za bluu, maandamano mafupi, mgeni rasmi, maputo. Hotuba zote ni za watoto. Sibezi. Vitengo vya elimu maalum kwenye shule za msingi vimewatoa ndani watoto wengi ambao zamani wangefichwa. Lakini mtoto anakua. Siku moja mwalimu anamwita mzazi na kumwambia kwa upole kwamba kijana sasa ameota ndevu, hawezi kuendelea kukaa dawati moja na watoto wa darasa la tatu. Anarudi nyumbani, na kuanzia hapo hayumo kwenye orodha ya ofisi yoyote. Utoto wake ulikuwa wa miaka michache. Utu uzima wake unaweza kuwa wa miaka arobaini, na huo haujawahi kupata mgeni rasmi.

Naomba niwaeleze kinachofuata, maana nadhani wengi wenu mmekishuhudia kwenye koo zenu, ila hamkukihesabu kuwa ni jambo la serikali.

Mama anazikwa. Arobaini inasomwa. Wageni wakishaondoka, wazee wanabaki barazani kwenye mkeka wanagawa. Shamba la minazi lina mwenyewe. Cherehani inakwenda kwa binti wa mwisho. Masufuria makubwa ya shughuli anabaki nayo dada mkubwa. Halafu kunakuwa kimya, mtu anakohoa, na mjomba anauliza, "Na huyu je?" Huyu amekaa hapo hapo mlangoni, anasikia.

Jawabu la kikao mara nyingi ni zamu. Miezi mitatu kwa baba mdogo Muheza, mitatu kwa shangazi Korogwe, kisha kwa dada mwenye chumba na sebule Mbagala. Ni jawabu la watu wema, na kwa mtu mwenye usonji ni mateso. Mtu huyu anaishika dunia kwa mazoea: kikombe kile kile, kitanda upande ule ule wa ukuta, sauti ile ile inayomwamsha. Ukimhamisha mara nne kwa mwaka unamnyang'anya kila anachojishikilia. Basi anapiga kichwa ukutani. Anavunja sahani. Usiku anatoroka kuitafuta nyumba ya mama, ambayo huenda imeshauzwa ili warithi wagawane. Shangazi anasema amekuwa mkorofi. Anafungiwa chumba cha uani, kwa usalama wake. Kelele zikizidi anapelekwa hospitali, anaandikiwa dawa ya kumtuliza, na kweli anatulia, udenda unamtoka, nyumba nzima inapumua. Hakuna hata mmoja katika safari hiyo aliyemchukia.

Kwa mabinti hali ni nzito zaidi. Familia nyingi zinamfungia ndani binti mwenye ulemavu wa akili kwa sababu zinajua kitakachompata nje, na mara nyingine kinampata humo humo ndani, kutoka kwa mtu wa karibu. Akionekana mjamzito, maswali anaulizwa yeye. Sitalirefusha hili, lakini nyumba yoyote mtakayoipanga bila kulifikiria kwanza itakuwa mtego.

Sheria tunayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni Na. 9 ya mwaka 2010. Mwaka mmoja kabla yake, 2009, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 19 ya mkataba huo inatambua kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, sawa na wengine, asilazimishwe kukaa kwenye makazi ya aina fulani, na apate huduma za kumsaidia nyumbani na mtaani ili asitengwe na watu. Tumesaini. Kaka yangu hajawahi kuulizwa na yeyote anataka kuishi na nani, na angeulizwa, naamini angejibu, kwa njia yake.

Mnaweza kuniambia kuna makazi ya serikali ya wazee na wasiojiweza: Nunge kule Kigamboni, Funga Funga Morogoro, Kolandoto Shinyanga na mengineyo. Mengine yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma, yakabaki kuwa mahali pa kumpokea yeyote aliyekosa pa kwenda. Nawaheshimu wanaofanya kazi humo kwa vifaa vichache walivyo navyo. Ila hayakuwekwa kwa ajili ya kijana wa miaka thelathini asiyestahimili kelele, anayehitaji mtu mmoja anayemjua, na aliyebakiza nusu karne ya kuishi.

Mnaweza pia kunitajia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, umewainua watu. Lakini ni mkopo. Mtu asiyeitofautisha noti ya elfu moja na ya elfu kumi hakopi, hana kikundi, wala hana cha kurejesha. Kwa hiyo wenye ulemavu mzito kuliko wote ndio wanaopitwa na fungu lililopewa jina lao.

Sasa msije mkadhani nataka kuwasimulia jinsi Ulaya kulivyo kuzuri. Nataka kuwaomba msilifuate kosa lao, kwa sababu nasikia mara kwa mara ahadi za vituo vikubwa vya kisasa, na kila nikisikia neno "kikubwa" moyo unanipasuka.

Uingereza ilianza na majengo makubwa. Kwa miongo mingi watu wa namna ya kaka yangu waliwekwa kwenye hospitali za pembezoni mwa miji, wengine waliingia wakiwa watoto na kutolewa wakiwa maiti. Mwaka 1967 gazeti moja lilichapisha madai ya wagonjwa kuteswa katika hospitali ya Ely, Cardiff, kule Wales. Uchunguzi ukaongozwa na mwanasheria Geoffrey Howe, ripoti ikatoka 1969, na mengi yaliyodaiwa yakaonekana yana ukweli. Kuanzia hapo serikali ikakubali kwamba hospitali za namna hiyo zipunguzwe, watu warudi kuishi mitaani. Kuzifunga kulichukua miongo.

Ungetegemea wawe wamejifunza. Tarehe 31 Mei 2011, kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri ndani ya Winterbourne View, hospitali binafsi ya vitanda 24 karibu na Bristol. Wahudumu walionekana wakiwazaba vibao watu wenye ulemavu wa akili na usonji, wakiwaburuta sakafuni, wakimmwagia maji mwanamke aliyevaa nguo zake na kumwacha nje kwenye baridi. Muuguzi mmoja alikuwa ameshatoa taarifa kwa wakubwa wake na kwa taasisi ya ukaguzi ya serikali. Hakusikilizwa mpaka kamera ilipoingia. Wahudumu 11 walitiwa hatiani, 6 kati yao wakafungwa jela mwaka 2012. Na mahali hapo palikuwa panalipwa, kwa wastani, pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Kwa fedha yetu ya leo inapita shilingi milioni kumi. Kwa wiki. Mtu akiwaambia tatizo la huduma hizi ni fedha tu, mkumbusheni hesabu hiyo.

Serikali yao iliahidi kwamba hadi Juni 2014 kila aliyewekwa hospitalini bila sababu ya msingi angekuwa ameondolewa. Tarehe ikapita. Mwaka 2019 kipindi kile kile kikaingia hospitali ya Whorlton Hall, Durham, kikakuta karibu mambo yale yale. Hadi miaka hii, watu wapatao 2,000 wenye ulemavu wa akili au usonji bado wako kwenye hospitali za magonjwa ya akili England, wengi wao kwa miaka, wakati wengine hawana ugonjwa wa akili wowote. Wanakaa kwa sababu nyumba ya kuwapokea haipo.

Kwa nini inajirudia? Nimefanya kazi hii kiasi cha kuona mizizi yake. Mahali panakuwa mbali na kwao mtu. Milango inafungwa kwa ndani. Pale Winterbourne View ndugu walipokelewa chini, hawakuruhusiwa kupanda kule walikolala watu wao. Wahudumu ni wageni wanaobadilika kila mwezi. Malipo yanahesabiwa kwa kitanda kilichojaa, kwa hiyo hakuna anayeharakisha kukiacha wazi. Ukiviweka vitu hivyo pamoja popote duniani, kwa Wazungu au kwa Wadigo, watu wa kawaida kabisa wataanza kufanya ukatili na kuuita kazi.

Kwenye nyumba ninayofanya kazi aliletwa bwana mmoja kutoka hospitali ya namna hiyo. Faili lake lilikuwa nene, na neno "mkali" liko karibu kila ukurasa. Alikuwa anajipiga ngumi shavuni, na ukimzuia anakupiga wewe. Alikuwa anatumia dawa za kumtuliza ambazo zingemlaza ng'ombe. Mhudumu mwenzetu mmoja, mama mtu mzima, ndiye aliyegundua kwamba anajipiga shavu la kushoto tu. Akapelekwa kwa daktari wa meno. Jino lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi. Likang'olewa, ngumi zikapungua, na baada ya muda daktari akaanza kuzishusha dawa kidogo kidogo. Hajawa malaika, bado ana siku zake. Lakini kwa miaka yote hiyo watu waliosoma walitazama ulemavu wake na hawakumtazama mdomoni.

Hilo halikumpata yeye peke yake. Mwaka 2016 kijana wa miaka 18, Oliver McGowan, mwenye usonji na ulemavu mdogo wa akili, alifariki hospitalini Bristol baada ya kupewa dawa ya magonjwa ya akili ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wameshasema asipewe. Leo mafunzo kuhusu ulemavu wa akili na usonji wanayopewa wahudumu wa afya na wa matunzo England yana jina lake, na tangu 2022 sheria inawataka waajiri wahakikishe wafanyakazi wao wanapata mafunzo ya aina hiyo. Daktari, muuguzi, hata anayepokea simu. Hili tunaweza kulichukua kesho asubuhi bila kujenga tofali hata moja.

Nyumba yetu yenyewe iko katikati ya mtaa, haina kibao, jirani wa kulia ni fundi bomba. Kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake. Bwana mmoja hasemi kabisa, lakini nguo za siku anachagua mwenyewe kwa kuzitupa sakafuni zile asizozitaka. Kuna picha ukutani za chai, juisi, bustani, choo, gari, naye anagusa anachotaka. Zamu zinapobadilika tunakabidhiana kwa daftari: kala nini, kalala saa ngapi, dawa kanywa, choo kapata lini. Msicheke. Kufunga choo kunawaua watu hawa, kwa sababu hawawezi kusema tumbo linauma na maumivu yao yanaonekana kuwa ni utundu. Nyumba ina kasoro zake pia; mshahara uko jirani na kima cha chini cha sheria, watu wanaingia na kutoka, na kila anayetoka anaondoka na mambo ambayo daftari haliyajui.

Kwa upande huo, Makorora imeizidi England.

Kaka yangu ana kazi moja aliyojipangia mwenyewe. Ikisikika adhana ya magharibi, anatoka kufunga mageti. La kwetu, la jirani, la nyumba ya tatu, mpaka kwa fundi baiskeli wa kona. Akilikuta liko wazi analifunga na kulipiga kofi mara mbili. Wapangaji wapya hushtuka, wenyeji huwaambia mwacheni, huyo ndiye mlinzi wetu. Mwenye duka anampa mkate asubuhi na kuandika kwenye daftari la mama. Akipitiliza hadi barabara kubwa, dereva wa bajaji anamgeuza. Hakuna kati yao aliyesomea huduma hii wala anayelipwa, lakini nikipiga hesabu kwa macho ya kazi yangu ya huku, mtaa ule unafanya karibu nusu ya matunzo yake. Mchukueni sasa mkampeleke kwenye kituo kizuri chenye ukuta na kibao cha mfadhili, huko nje ya mji. Magharibi itaingia, atatoka kufunga milango ya watu asiowajua, na kabla ya wiki kuisha faili litakuwa limeandikwa kwamba anasumbua wenzake usiku.

Kwa hiyo ninachoomba ni nyumba, tena nyumba ndogo. Watu watatu, wanne wakizidi, kwenye kata yao au kata ya jirani, karibu na soko, msikiti na kanisa wanavyovijua, na mhudumu anayelipwa na aliyefunzwa. Na kabla hamjaanza kutafuta viwanja, angalieni kitu ambacho kiko tayari: mama huyu mara nyingi anaacha nyumba. Anayeihitaji zaidi anahamishwa, nyumba inauzwa, fedha zinagawanywa na kuisha. Kwa nini isiwe kinyume chake? Mwenye nyumba abaki kwenye nyumba, aje mhudumu, na waje wawili watatu wengine wa kata hiyo ambao nao wamefiwa, kila mmoja na mchango wa ukoo wake. Waislamu tuna wakfu, jambo la zamani sana Tanga na Pwani yote. Wengine wana wosia. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaandika na kutunza wosia na wanashughulika na udhamini. Kinachokosekana ni mtu wa kumshika mkono mama akiwa hai na kumwonyesha njia hiyo, na afisa ustawi wa jamii wa kusimama Mahakama ya Mwanzo siku ya mirathi na kumsemea asiyeweza kujisemea.

Hata hivyo nyumba si hatua ya kwanza. Ya kwanza ni kujua wako wapi. Kila kata iwe na daftari la watu wazima wenye ulemavu wa akili na usonji, na ndani yake, zaidi ya jina, kuwe na safu ya umri wa anayewatunza. Hiyo ndiyo safu itakayowaambia wapi panawaka moto. Mtu anayetunzwa na mama wa miaka 45 anaweza kusubiri. Anayetunzwa na bibi wa miaka 78 mwenye presha hawezi. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Hao wanaingia nyumba kwa nyumba. Waongezewe siku chache za mafunzo na swali moja kwenye fomu: je, humu ndani kuna mtu mzima asiyeweza kuishi bila kusaidiwa, na msaidizi wake ni nani? Waombe pia kumwona kwa macho, maana mara nyingine yuko chumba cha uani na jibu la sebuleni ni "hayupo".

Ya pili haina gharama yoyote ya maana, nayo ndiyo ningeipigania kuliko zote. Kila mama aandikiwe, kwa msaada wa afisa ustawi, yale anayoyajua yeye peke yake. Anakula wali ila mchuzi usiuguse. Akifunika masikio mtoe nje, usimsemeshe. Akizunguka nyumba mara nyingi kuliko kawaida kichwa kinamuuma. Haogopi mbwa, anaogopa blenda. Kuoga ni jioni, maji yawe vuguvugu, anza na miguu. Mama zetu wamebeba elimu hii vichwani kwa miongo, na kila msiba unaizika. Yeyote atakayempokea, awe shangazi, awe mhudumu wa serikali, akikabidhiwa daftari hilo anaanzia mbali. Bila hilo anaanza kwa kupigwa.

Na mpeni mama kupumzika. Wangu alikosa matanga ya dada yake Pangani kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia kijana kwa usiku mmoja. Mahali pa kushinda mchana, hata siku mbili kwa wiki, panatosha kumrudishia mtu maisha. Madarasa ya vitengo maalum yanakaa matupu wakati wa likizo. Kumbi za kata zinakaa tupu karibu wiki nzima. Tuna vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kama Yombo pale Dar es Salaam, vinavyoweza kuwa na mlango wa wale wasioweza kumaliza kozi lakini wanaoweza kufuma, kumwagilia bustani, kupanga matofali, na kukaa na wenzao.

Wahudumu watatoka wapi? Leo kazi hii inafanywa na mama, na akichoka anafanya binti wa ndugu aliyetolewa shule, au dada wa kazi anayelipwa kidogo na kutukanwa sana. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanaweza kufundisha mhudumu wa nyumba hizi kwa kozi fupi. Sisi tulio huku tunaweza kuja kufundisha. Wengine wangependa hata kurudi jumla. Uingereza iliifungua viza ya wahudumu Februari 2022, ikafunga ajira mpya kutoka nje Julai 2025. Kuna Watanzania, Wakenya na Waganda wengi waliojifunza kazi hii kwa vitendo, na hakuna aliyetuuliza tunajua nini.

Masharti ya nyumba hizo msiyaache kwenye hisani ya mwenye nyumba. Mzazi au ndugu aingie siku yoyote saa yoyote mpaka chumba cha kulala, bila kupiga simu kwanza. Mwenyekiti wa mtaa vivyo hivyo, na mzazi wa mwingine, na padri au imamu. Dawa ya kumtuliza mtu isitolewe bila daktari kuandika kwa nini na mpaka lini. Mabinti wahudumiwe na wanawake. Nyumba itakayosema "leo hapaingiliki" ifungwe wiki hiyo hiyo. Na mhudumu atakayetoa taarifa ya ukatili alindwe kwa sheria, maana yule muuguzi wa Winterbourne View alisema mapema kuliko wote.

Najua kuna atakayesema kwamba mila zetu hazimruhusu mtu kumtoa ndugu yake. Nakubali, na ndiyo maana naomba asitolewe. Lakini ukoo uliokuwa na nyumba saba kwenye uwanja mmoja sasa uko Mbagala, Mbezi, Muscat na Manchester, kila mmoja kwenye chumba cha kupanga. Tunatuma fedha kwa simu na tunapiga video siku ya Idi. Kuuita huo ulinzi wa ukoo ni kujifariji.

Fedha: ruhusuni sehemu ya ile asilimia 2 itolewe kama ruzuku ya matunzo kwa wale ambao mkopo hauwezi kuwafaa. Kanuni za halmashauri mmezibadilisha mara kadhaa, badilisheni na hii. Anzeni na halmashauri tatu tu, moja ya mjini, moja ya kijijini, moja ya Pwani, na msijenge kitu mwaka wa kwanza. Pangeni nyumba, lipeni wahudumu, mkague. Bunge la bajeti likikaa Dodoma nitakuwa nasikiliza hotuba za wizara zenu nikitafuta mstari huo.

Majibu yenu naomba yasije kwangu. Wapeni maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, kwa maandishi makubwa. Mama zetu hawana barua pepe, lakini pale wanapita kufuatilia vitambulisho vya NIDA.

Naomba kuwasilisha.

Mtoto wa Makorora,
mhudumu wa watu wazima wenye ulemavu wa akili, England

Nakala:
Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA)
Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama
Wazazi na ndugu wenzetu